Shangazi, wananiambia naringa, kumbe sura za watu hazinikai

Shangazi shikamoo. Naomba unisaidie, hili jambo nimelibeba tangu nikiwa mtoto na kila nikijaribu kulieleza watu wanadhani natania.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, kwetu Singida ila nimeolewa Tanga na baada ya kuhangaikia uhamisho miaka miwili ndo nikaja kukaa na mume wangu huku Ngamiani, sasa ni mwaka wa tatu. Tatizo langu ni kwamba sura za watu hazinikai kichwani. Sio majina shangazi, majina nayakumbuka vizuri tu, nakumbuka mpaka namba za simu za watu na siku zao za kuzaliwa, ni sura. Naweza kukaa na mtu lisaa lizima tunaongea, namwona vizuri, macho yapo, pua ipo, mdomo upo, akitoka akirudi kabadilisha nguo basi kwangu ni mgeni. Macho nimepima, nimeambiwa hayana shida yoyote.

Kule kwetu nilikuwa najiokoa kwa nywele na mwendo, fulani anasuka twende kilioni, fulani anachechemea, fulani ana sauti nzito, maisha yanaenda. Huku wanawake tukitoka tunajifunika, baibui jeusi na mtandio, nywele huzioni, yani mtaa mzima kwangu ni mama mmoja anapita mara mia. Shuleni ndo usiseme. Nina darasa la nne watoto 78, wavulana wote wamenyolewa vipara, wasichana wote shungi jeupe, sare moja, na mi nawajua kwa madawati yao, siku wakihamishana viti nimekwisha. Kuna siku nilimwadhibu mtoto kwa kosa la mwenzake, akaniambia mwalimu sio mimi, nikadhani ananidanganya, kumbe kweli sio yeye, hilo linaniuma mpaka leo.

Watu wakaanza kusema naringa. Mawifi wakasema mke wa kaka ana dharau za kisomi. Nikavumilia, mpaka yakanikuta ya mama mkwe. Mwezi uliopita nipo soko la Mgandini nachagua nyanya, pembeni kasimama mama mtu mzima ananiangalia, nikaona kabisa huyu mama kakasirika, nikajiuliza kakasirishwa na nani asubuhi yote hii, nikamwamkia shikamoo kama unavyomwamkia mzee yeyote, nikalipa nikaondoka zangu. Kumbe ndo mama mkwe mwenyewe! Siku zote namwona na baibui jeusi, siku hiyo kavaa la kahawia na miwani mipya. Nyumbani hapakukalika. Alisema nimemwamkia kama namwamkia muuza mchicha. Na mi ndo kinachonichanganya hapo shangazi, hasira niliiona, mwenye hasira sikumjua, inawezekanaje?

Lililonifanya nikuandikie ni la wiki iliyopita. Nilienda kumchukua mwanangu chuoni, ana miaka mitano, watoto wakatoka wote kanzu nyeupe na kofia nyeupe, nikamshika mmoja mkono tukaanza kutembea. Tumefika barabarani yule mtoto ananiambia "mama yangu sio wewe", na nyuma yangu nikasikia mwanangu analia ananiita mama, sauti yake nikaijua hapohapo. Kina mama waliokuwepo walinitazama, we acha tu. Nimelia usiku mzima. Mama gani hamjui mwanae?

Mume wangu ni mpole ila na yeye sasa anasema labda tufanye kisomo, maana mama yake kasema nina jini. Shangazi, mi nina kiburi bila kujijua? Au ndo naanza kuchanganyikiwa? Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa watu, hakuna asiyemsalimia, kila mtu anamwita "ndugu yangu", na watu wanasema nimemfanana kwa kila kitu, ila hilo la kupenda watu naona sikulirithi.

Mwalimu, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na nianze na maswali yako ya mwisho ili leo ulale, huna kiburi na huchanganyikiwi. Na la mama gani hamjui mwanae, mbona ulimjua? Ulimjua kwa sauti, sekunde ileile. Mama asiyemjua mwanae hageuki.

Unayoyaeleza yanafanana sana na kitu madaktari wanakiita prosopagnosia, sisi tukiite upofu wa sura. Jina lilitolewa mwaka 1947 na daktari wa Kijerumani Joachim Bodamer, alikuwa anaangalia watu walioumia vichwani, wanaona vizuri tu, wanakutajia kila kitu kilichopo usoni, lakini uso ni wa nani hawajui, hata wa ndugu zao. Baadae ikaja kujulikana kwamba wengi wenye hali hii hawajawahi kuumia popote, wamezaliwa nayo. Makadirio yanayotajwa sana ni kama watu 2 katika kila 100, kwahiyo kwenye shule yenye watoto 1,000 kunaweza kuwa na kama 20 wanaohangaika kimyakimya kama ulivyohangaika wewe, na walimu wao wanawaita wazito au wana aibu.

Sasa hilo swali lako la sokoni, hasira uliiona mwenye hasira hukumjua, hilo swali mwanangu ni zuri mno na ndo linalonifanya nisadiki kabisa kwamba sio dharau. Sisi tunadhani kuangalia uso ni kazi moja. Ubongo hauifanyi hivyo. Kuna sehemu chini kwa nyuma ya ubongo, zaidi upande wa kulia, mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake kule Marekani waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakaona sehemu hiyo inachangamka mtu akionyeshwa nyuso kuliko akionyeshwa vitu vingine. Hiyo inashughulika sana na huyu ni nani. Lakini uso umekasirika, umefurahi, unaangalia wapi, hayo yanapita kwa kiasi kikubwa njia nyingine, juu zaidi ubavuni mwa ubongo, na kuna kidude kidogo umbo la lozi kinaitwa amigdala, hicho kinashtuka haraka kikiona jambo la kutisha. Njia hizi zinasaidiana, ila moja inaweza kuwa dhaifu na nyingine nzima kabisa. Kwako wewe inaelekea ya hisia ni nzima na ya nani ndo dhaifu. Kwahiyo pale Mgandini hukumdharau mama mkwe, ulimwona vizuri kuliko wengi, ulijua kabisa kakasirika, ila habari ya kwamba ni yeye haikufika.

Na ngoja nikwambie kitu kingine cha ajabu. Mwaka 1984 kuna mtafiti Marekani anaitwa Bauer alimpima mtu aliyeumia kichwa kwenye ajali ya pikipiki, hawajui tena watu wake kwa sura. Akawa anamwonyesha picha ya mtu anayemfahamu huku anamsomea majina kadhaa, na ngozi yake imewekwa kipimo cha jasho. Mdomo wake ukitaka kutaja jina unabahatisha tu, lakini likisomwa jina sahihi ngozi mara nyingi inaitika! Mwenyewe hajui, mwili unajua. Na wapo watu ambao kwao imekuwa kinyume chake, kisa cha kwanza kiliandikwa Ufaransa mwaka 1923, mama mmoja anaangalia watu wake, anakubali kwamba wamefanana nao kila kitu, lakini anaapa sio wenyewe, wamebadilishwa, na maelezo yanayotolewa siku hizi ni kwamba sura anaitambua ila ile hisia inayopanda mtu ukimwona wako haipandi. Unaona mwanangu, kumjua mtu ni nyuzi nyingi zimesokotwa pamoja. Kwako umelegea mmoja. Ule wa sauti upo, ule wa mwendo upo, upendo upo, hebu angalia ulivyolia.

Kuna mwingereza mmoja baada ya kupata kiharusi akawa hatambui sura za watu, akaanza kufuga kondoo, na kondoo wake akawa anawajua mmoja mmoja kwa sura zao. Watafiti walimpima wakaandika habari zake mwaka 1993. Huyo naye ungemkuta mtaani si ungesema anaringa, kondoo anawajua jirani hamjui?

Wapo watu wenye akili zao dunia nzima inawajua na wamelia na hili. Oliver Sacks, daktari bingwa wa ubongo kabisa, alikuwa nalo, alieleza kwamba zaidi ya mara moja amemwomba radhi bwana mwenye ndevu aliyetaka kugongana naye, kumbe ni kioo, ni yeye mwenyewe. Na Jane Goodall, yule mama aliyekuja Gombe, Kigoma, mwaka 1960 kuchunguza sokwe na akafariki mwaka 2025, naye alieleza kwamba alikuwa na shida hii, kwa muda mrefu alidhani ni uvivu wake tu wa akili, akajitahidi kuzikariri sura za watu ikashindikana, ila mtu mwenye alama, pua ya aina yake, mifupa ya uso ya tofauti, huyo alimpata. Sokwe wa kwanza kumzoea kule msituni alimpa jina la David Greybeard kwa sababu ya zile ndevu zake nyeupe kidevuni.

Na hapa nije kwa baba yako. Upofu wa sura wa kuzaliwa nao mara nyingi unatembea kwenye familia. Nimesoma pale uliposema kila mtu alikuwa anamwita "ndugu yangu" nikaweka simu chini. Mwanangu, hivi uliwahi kumsikia baba yako akimwita mtu kwa jina mtu huyo kabla hajaongea? Mimi siwezi kukuapia, hayupo tumuulize, lakini muulize mama au baba zako wadogo kama aliwahi kumpita mtu wake wa karibu njiani bila kumjua. Inawezekana kabisa alikuwa hivyohivyo kama wewe na "ndugu yangu" ndo ilikuwa njia yake ya kuhakikisha hakuna anayeachwa bila salamu. Kwahiyo usije ukasema tena hukurithi.

Nakuandikia kwa uchungu kidogo kwa sababu na mimi nimewahi kumkosea mtu. Nilikuwa na jirani, mama mmoja mpole, tukikutana dukani anapita kama hanioni, nyumbani kwake nikibisha hodi ananikaribisha kwa furaha zote. Nikasema huyu mnafiki. Nikamnunia karibu miaka miwili mpaka akahama. Nilikuja kusoma habari za upofu wa sura baadae sana, na kila nikikumbuka kwamba pale mlangoni alikuwa ananijua kwa hodi yangu roho inaniuma. Ndo maana nasema usikae kimya, ukikaa kimya watu watajaza wenyewe, na wakijaza wanajaza kiburi.

Anza na mume wako, leo. Usimwambie kwa maneno matupu. Chukua picha ya harusi yenu ile ya ukoo mzima, tena iwe ile kina mama wamevaa sare, igeuze juu chini, mwambie akutajie haraka nani ni nani. Atahangaika. Hilo liliandikwa tangu mwaka 1969, mtafiti anaitwa Robert Yin aliona kwamba picha ikigeuzwa juu chini tunasumbuka kutambua nyuso kuliko tunavyosumbuka na nyumba au vitu vingine, kwa sababu uso tunausoma kwa mkupuo, sio pua peke yake na mdomo peke yake. Akishahangaika mwambie, hivi unavyoona sasa hivi ndo mimi kila siku picha ikiwa imesimama vizuri.

Akielewa muende wote kwa mama yake, jioni, ametulia, na usitume ujumbe wala usiweke kwenye grupu la familia la wasapu nakuomba. Mwamkie vizuri. Muombe radhi kwa alivyoumia, maana aliumia kweli, mama mkwe kuamkiwa kama mpita njia mbele ya watu sokoni sio jambo dogo, ila usikiri dharau ambayo hukuwa nayo. Mwambie tangu mtoto uko hivi, mpe mfano wa watoto wako wa darasani, alafu muombe kitu kimoja chepesi, "mama ukiniona nje niite". Basi. Akikuita sauti utaijua. Wazee wengi mwanangu ukiwapa kazi ya kukusaidia hasira inashuka, na naamini yeye ndo atakuja kuwaambia mawifi zako "mkwe wangu muiteni, msimsubirie".

Kuhusu kisomo, kama ni dua ya kukutuliza moyo ni heri na wala usigombane nao kwa hilo, ila usikubali mtu akuchape au akunyweshe madawa kwa sababu ya jini, hakuna jini hapo. Ukipata nafasi mwone daktari wa mishipa ya fahamu kwenye hospitali ya rufaa umweleze kama ulivyonieleza mimi, sikudanganyi kwamba atakupa dawa, dawa ya kuondoa hili haipo, lakini maneno ya daktari yana uzito nyumbani. Na wasomaji wengine nisikilizeni, mwalimu yuko hivi tangu utotoni, ila mtu aliyekuwa anawajua watu wake vizuri alafu ghafla hawajui, au mdomo umekwenda upande, au mkono umelegea, huyo anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa kiharusi.

Mtaani una bahati moja kubwa, uko Uswahilini, huku kumsalimia usiyemjua sio kosa, kosa ni kunyamaza. Salimia wote. Anza wewe, shikamoo kwa kila mtu mzima, alafu "habari za nyumbani, hawajambo?" na unyamaze umwache aongee, maneno mawili matatu utakuwa umemjua kwa sauti. Usipomjua muulize kwa upole, "nikumbushe mwenzangu, sura zinanipotea". Na jambo moja, wewe sasa hivi ukitoka unatoka roho juu, macho yako yanakimbilia nani kanuna nani ananisema, na ukiwa na hofu akili inang'ang'ania uso ulionuna inaacha vile vinavyokusaidia, mwendo, mkoba, kiatu, urefu, anavyopunga mikono. Wakishajua wachache hofu itapungua, na utaona unawapata watu wengi zaidi, sio kwa sababu sura zimeanza kukaa, ila kwa sababu akili yako imepata nafasi ya kuangalia kwingine.

Shuleni mwambie mwalimu mkuu mapema asije akasikia kwa wazazi. Viti visibadilishwe bila ruhusa yako, mtoto akinyoosha kidole aanze na jina lake ndo ajibu, na usimwadhibu mtoto yeyote kabla hujamuuliza jina, tena muulize kwa daftari la mahudhurio mkononi. Yule uliyemwadhibu kwa kosa la mwenzake, kama bado yupo hapo shuleni, mwite umuombe msamaha, atakumbuka hadi uzee wake kwamba mwalimu alimuomba msamaha.

Na mwanao. Ongea na ustadhi wake akutolee mtoto mlangoni mkononi kwa mkono, hilo ni la usalama wa watoto wote wala sio la aibu yako peke yako, na mshonee alama kwenye kofia, uzi wa kijani hivi, mkubwa unaoonekana kwa mbali. Mwangalie na yeye taratibu anavyotambua watu, kwa kuwa hali hii inatembea kwenye ukoo, ukiona anasita sita mbele ya watu anaowajua usimwite mwenye aibu. Alafu mfanye kuwa ni mchezo wenu wawili, akitoka chuoni yeye ndo akutafute, akikuona tu aite mama kwa nguvu, na wewe ukisikia geuka umpokee.